Kanda Tatu za Mwisho

Jumatatu, 1 Machi 2004

Siku ya tatu bila Zulhumor. Nyumba iko kimya hadi nasikia deki ya video ikipoa. Nimeanza kuandika haya ili siku moja ajue nani aliteseka zaidi.

Maelezo kwa ufupi, kwa atakayeliokota daftari hili. Mimi ni Qahhor. Khujand nzima inanijua kwa masikio. Ismatullo, mwenye kibanda cha kanda za video pale sokoni, huleta filamu na tamthilia za Kihindi. Mimi huzitia sauti ya Kitajiki hapa nyumbani, yeye huzidurufu na kuzikodisha. Baba, bibi, jambazi, mtoto mchanga, wote ni mimi. Tamthilia ya sasa inaitwa Bangili za Sarita, kanda ishirini. Zimetoka kumi na saba. Wanawake wa mji huu hawabandiki chungu mpaka wajue Sarita na mumewe Rajat wamefikia wapi.

Sasa ile habari nyingine. Kihindi sikijui. Anayekijua ni Zulhumor. Alikisoma chuoni Dushanbe miaka miwili, vita ikaja, akarudi kwao, akaolewa na mimi. Yeye hutazama kanda na kuandika tafsiri kwenye daftari la kijani. Mimi husoma mbele ya maiki. Juu ya kila kanda huandikwa: Tafsiri na sauti, Qahhor. Karatasi yenyewe ni ndogo, majina mawili yasingeenea. Nilimweleza hivyo mwaka wa kwanza, akasema sawa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na gashtak, ile zamu yetu ya wanaume kumi na wawili kulishana pilau kila wiki. Boymurod akaniuliza Kihindi nilijifunzia wapi. Nikasema nilizaliwa na sikio. Akauliza kama mke wangu hunisaidia. Nikasema mke wangu anajua kukanda unga tu. Walicheka sana. Nilijiona kidume. Nilisahau kwamba mke wa Boymurod ni Hosiyat, muuza mikate, ambaye hupita kila mlango wa mtaa huu asubuhi na jioni.

Jumamosi Zulhumor alinimiminia chai. Nilipomaliza akakiosha kikombe, akavaa koti, akachukua daftari la kijani, akaenda kwao. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Mama anasema nichukue wazee wawili na mikate, niende ukweni nikaombe radhi, nusu saa mambo yamekwisha. Nimemwambia nikienda sasa Zulhumor ataona siwezi kufanya kazi bila yeye. Mama akauliza, kwani unaweza? Mama hajui sanaa.

Jumanne, 2 Machi

Umeme wa mgao unakuja saa kumi na moja jioni, unakatika saa nne. Nimetundika magodoro ukutani kuzuia mwangwi, nimeivisha maiki soksi, nimeanza kanda ya kumi na nane peke yangu. Miaka kumi nasikia Kihindi. Lazima kimeniingia.

Naelewa maneno manne: maji, ndugu, moyo, hapana. Mama mkwe wa Sarita hatumii hata moja. Alisema kitu kirefu sana, nikampa "Sikubali." Mdomo wake ukaendelea kucheza. Nikamwongezea malalamiko kuhusu bei ya nyama. Bado akaendelea. Nikaongeza bei ya kitunguu.

Kisha daktari akatoka chumbani, akavua miwani, akasema neno moja polepole. Sarita akamwangukia Rajat kifuani. Nikafikiri haraka. Sarita ameolewa kanda kumi na saba bila mtoto. Nikasema kwa sauti ya daktari: "Hongereni, ni mtoto wa kiume." Familia nzima ikaangua kilio. Nikamfanya shangazi aseme ni machozi ya furaha. Baada ya hapo wakambeba babu mabegani kwenda kumchoma.

Ningerudisha nyuma nianze upya. Lakini umeme ulikuwa umebakiza dakika hamsini na Ismatullo anaitaka kanda alfajiri. Nikampa kuhani maneno haya: "Babu alifurahi mno, moyo ukashindwa." Nadhani imekaa vizuri. Nadhani hakuna atakayegundua.

Ijumaa, 5 Machi

Wamegundua.

Ismatullo alikuja mwenyewe, bila salamu, bila hata kuuliza hali ya Mama. "Kaka, watu wanamtafuta mtoto. Kanda nzima wanamtafuta. Sarita tumbo hana, mimba hana, huyo wa kiume katokea wapi?" Nikamwambia ni fumbo. Akasema wateja wake hawakodi mafumbo. Akasema mzee mmoja amerudisha kanda na kudai babu alikuwa hai, amechomwa kwa uzembe wangu.

Niliona uso umenishuka. Nikamwambia nina homa. Akanitazama, akasema nimpelekee salamu Zulhumor, halafu akasimama mlangoni akisubiri nijibu. Nikasema zimefika.

Hosiyat naye alipita na mikate saa kumi. Nilitaka kujificha lakini Mama alikuwa ameshamwita ndani. Akasema kule ukweni wanawake wanajazana kutazama, maana baba mkwe ana runinga kubwa. Zulhumor aliitazama kanda yangu mwanzo hadi mwisho, saa tatu nzima, hakuinuka hata kwenda kuchota maji.

Saa tatu! Amenisikiliza saa tatu. Akiwa hapa hapa nyumbani hakuwahi kunisikiliza dakika tano bila kuniambia nipunguze sauti.

Nimekaa na wazo hilo tangu jioni. Wazee wa nini, mikate ya nini? Nina kanda mbili zimebaki. Kila nitakachosema kitamfika sebuleni kwao. Na anayekisema atakuwa Rajat, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba ni mimi ninayembembeleza mke. Mara nyingine akili yangu hunishangaza.

Jumatatu, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Mama amenitoa kitandani, amenitia fedha mkononi, ameniamuru nikanunue maua niyapeleke ukweni kwa miguu yangu. Alisema, "Nenda tu, Qahhor mwanangu. Hata ukifika ukakosa la kusema, maua yapo."

Nimenunua. Nimefika hadi pembe ya mtaa wao. Baba mkwe alikuwa ananyunyiza maji mbele ya lango na ndoo. Alikuwa hajaniona. Nilisimama nikijaribu sentensi ya kwanza. Akamaliza ndoo, akaingia, akaleta nyingine. Bado nilikuwa kwenye sentensi ya kwanza. Nikarudi.

Maua nimempa Mama. Ameuliza haya ni ya nani. Nikasema ni yako, leo ni siku yenu. Ameyatia kwenye gudulia bila kusema asante. Imeniuma, nakiri. Mimi mwenyewe sijui kwa nini miguu ilikataa, sikuwa naogopa kitu ninachoweza kukitaja.

Jioni nimetia sauti kanda ya kumi na tisa. Kwanza nilitaka Rajat aombe radhi. Lakini Rajat nimemfanyia kazi kanda kumi na nane, namjua, ni mwanaume mwenye heshima. Radhi haianzi kwake. Nikaona ianze kwa Sarita, apige hatua moja, kisha kwenye kanda ya ishirini Rajat apige ya pili. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyopatana.

Sarita akatokea kisimani. Nikampa sauti laini kabisa: "Mume wangu, kosa ni langu. Mimi ni mtu wa unga tu. Nimekukumbuka." Nilikuwa nimefumba macho kwa uchungu wa maneno yenyewe. Nilipofumbua, Sarita alikuwa anavunja bangili zake moja moja kwenye ukingo wa kisima, kisha akamrushia Rajat vipande usoni.

Nikaongeza: "Hizi zilikuwa zinanibana."

Alhamisi, 11 Machi

Nimemsubiri Hosiyat kuanzia adhuhuri kama mtu anayesubiri mkate kweli.

Amesema wanawake waliitazama kanda ya kumi na tisa kwa robo saa. Bangili zilipovunjwa wakaanza kucheka, mmoja akamwaga chai. Ndipo mama mkwe wangu akapunguza sauti ya runinga mpaka mwisho, akamwambia Zulhumor lete daftari. Zulhumor akakaa pembeni ya runinga akawasomea. Sauti yake ileile moja, ya kawaida, haiigi mtu. Wakarudia hata kanda ya kumi na nane. Walilia, Hosiyat anasema, walilia mpaka wakasahau kuwasha jiko.

Nikauliza kwa kujitia hamnazo, babu alisema nini pale kabla ya kufa? Hosiyat akasema hawezi kusema vizuri kama Zulhumor. Nikamnunulia mikate minne. Akasema babu alimwambia Sarita: "Binti yangu, nyumba hii ilisimama kwa ajili yako. Mimi nilijua siku zote, na nikanyamaza."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta chenji. Maneno kama hayo yalikuwa kwenye daftari la kijani, kwa mwandiko wa mke wangu, na mimi niliijaza kanda ile bei ya kitunguu na mtoto wa kiume. Nimesoma kurasa ngapi za daftari lile miaka yote hii bila kumwambia kwamba ni nzuri? Zote. Nimezisoma zote.

Nikarudi nikauliza, na Sarita aliposema kosa ni langu, Zulhumor alifanyaje? Hosiyat akasema alicheka pamoja na wengine. Halafu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jioni gashtak kwa Boymurod. Sikutaka kwenda, lakini asiyekwenda ndiye anayesemwa. Waliponiona tu wakasimama wote na kunipa mkono wakisema hongera, ni mtoto wa kiume. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema neno moja la kweli mbele ya walewale kumi na mmoja. Nililiandaa kabisa, lilifika kwenye meno. Badala yake nikawaigizia daktari tena, kwa kuwa walikuwa wanaomba, na walicheka vizuri sana.

Jumamosi, 13 Machi

Ismatullo amekwenda ukweni kwangu bila kuniambia! Amemwomba Zulhumor aitie sauti kanda ya ishirini na kuzirekebisha mbili zangu. Jina lake liandikwe peke yake, kwa herufi kubwa. Nilitaka kuvunja kitu, lakini vitu vyote humu ndani vinahitajika kwa kazi.

Kumbe amekataliwa. Ismatullo mwenyewe amekuja kuniambia, amejikunja pale mlangoni kama mtu aliyetumwa msibani. Zulhumor amesema bado yeye ni mke wa Qahhor na hawezi kumpokonya mume wake mkate. Akampa Ismatullo ujumbe aulete neno kwa neno. Ismatullo aliuandika kwenye pakiti ya sigara asikosee:

"Mwambie aje mwenyewe, Ijumaa kabla jua halijazama. Asije na wazee, asije na mikate. Aniambie lile alilowaambia wanaume kumi na mmoja, ila safari hii aseme kweli. Aje na sauti yake, si ya mtu. Asipokuja, Jumatatu baada ya sikukuu ya Navruz napanda ndege kwenda Dushanbe. Chuo kimekubali nirudi nimalizie miaka yangu iliyobaki. Akija, tutapanga pamoja."

Mama alikuwa anasikiliza. Alipoondoka Ismatullo, Mama alikaa chini akasema, "Amekufungulia mlango mwenyewe, mtoto wa watu. Kilichobaki ni wewe kuingia." Nikamwambia nitaingia. Na nitaingia. Nampenda. Nimeandika neno hilo hapa kwa mara ya kwanza na halijaniua.

Jumatano, 17 Machi

Mazoezi mbele ya kioo.

Sentensi yenyewe nimeitunga, fupi: "Kazi yote ilikuwa yako, mimi nilikuwa mdomo tu, nisamehe, rudi." Haina neno gumu. Tatizo ni sauti. Nilipoisema mara ya kwanza ilitoka Rajat. Nikajaribu tena ikatoka nzito, ya kifuani, ni yule hakimu wa kanda ya saba. Mara ya tatu ilitoka nyembamba yenye kutetemeka, nikamtambua babu. Nikakohoa, nikanywa maji ya uvuguvugu, nikaanza upya. Shangazi.

Nikajaribu kukumbuka nilivyozungumza kabla ya kazi hii. Nilikuwa na sauti. Nilimposa Zulhumor kwa kitu fulani.

Mara Mama akasukuma mlango na sinia yenye vikombe vinne. Alidhani nina wageni. Akatazama chumba, akatazama kioo, akaweka sinia chini, akatoka. Nimekunywa vyote vinne ili visipotee.

Ijumaa, 19 Machi

Nimenyoa. Nimevaa suti ya harusi yangu, inabana lakini inafunga. Mama amenipigia viatu rangi bila kuombwa. Asubuhi yote nilikuwa tayari. Nilipanga kutoka saa tisa, kuwa mlangoni kwao saa tisa na nusu, jua likiwa juu kabisa.

Saa saba Ismatullo akapita kukumbusha kwamba kanda ya ishirini lazima iwe kibandani kesho asubuhi. Navruz mji mzima uko nyumbani, kila mtu anataka mwisho wa Sarita. Umeme leo umewashwa mchana kwa ajili ya sikukuu. Nikasema nitaitia sauti nikirudi. Kisha nikaona si vibaya kuitazama kidogo kwanza, nijue kuna nini. Nilikuwa sijawahi kuitazama. Kazi yangu ilikuwa kusoma daftari.

Karibu na mwisho, Rajat anapiga magoti mbele ya Sarita. Machozi. Mikono ameikusanya. Hata asiyejua neno moja la Kihindi anaona mtu anayeomba kutoka rohoni. Dakika nne nzima, na kamera haitoki usoni kwake.

Dakika nne. Nikasema naitia sauti sehemu hii tu, halafu natoka.

Lakini huwezi kutia sauti mwisho bila mwanzo, kanda ingeruka. Kwa hiyo nikaanza mwanzo. Nikavua koti la suti, linachakacha. Niliposhika maiki koo langu lilifunguka. Na nilipofika kwa Rajat yalitoka yote: "Daftari lilikuwa lako. Kila neno zuri nililowahi kusema uliliandika wewe. Niliwaambia watu unajua unga tu kwa sababu niliogopa wakijua, watauliza mimi najua nini. Sijui kitu. Najua kwamba ulikiosha kikombe changu ukaondoka, na sijakigusa tangu siku ile. Nisamehe. Rudi, au nenda ukasome kisha urudi, ila usiache kunisikiliza." Nililia kweli. Soksi ya maiki ililowa. Sijawahi kutia sauti vizuri hivyo maishani.

Nilipofungua mlango kulikuwa na giza uani. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti langu la baridi mapajani. Nikamwambia yote yamesemwa, kanda itamfika kesho kabla ya adhuhuri, na kubisha hodi ukweni gizani mikono mitupu haipendezi. Mama aliinuka. Alinipa koti kana kwamba bado nina safari.

Jumatatu, 22 Machi

Amepanda ndege ya saa nne.

Hosiyat amenieleza yote, mikate yenyewe ameisahau. Ijumaa Zulhumor alikaa mbele ya lango la kwao kuanzia saa nane. Alivaa gauni la atlasi alilovaa siku ya kwanza nilipokwenda kwao na wazee. Jua lilipozama alisimama, akakung'uta gauni, akaingia kufunga begi.

Jumamosi kanda yangu ilifika. Wanawake wote walilia. Hosiyat mwenyewe alilia, na anasema mji mzima unauliza ni wapi anapatikana mwanaume anayeomba radhi namna ile. Kwa mara ya kwanza hawakupunguza sauti. Zulhumor alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Wakamwita, njoo usikie Rajat anavyoomba radhi. Alikuja akasimama mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba kwenye daftari Rajat haombi radhi pale. Anamwomba Sarita hati ya nyumba.

Wakauliza, na haya maneno je? Akasema haya ni ya mtu mwingine, ni mazuri, na alikuwa akiyasubiri jana. Akarudi kukunja nguo.

Sijalala vizuri siku tatu. Nikifumba macho naona gauni lile. Nilikuwa na mchana mzima, suti mwilini, viatu vimeng'aa, na mtaa wao ni mwendo wa dakika ishirini. Ningeweza kufika hata nikiwa nimenyamaza. Najuta. Naandika wazi ili lisije likasomeka vingine: najuta sana.

Kuna habari moja njema. Ismatullo amepata tamthilia mpya kutoka Delhi, kanda arobaini, na rafiki yake ana kibanda Dushanbe, karibu kabisa na bweni la chuo. Arobaini! Katika arobaini lazima kuna mahali mume anaomba radhi. Na hata kama hakuna, nitamtafutia nafasi. Kanda ya kwanza nimeiweka kwenye deki tayari.

Mama ameniletea namba ya simu ya bweni. Zulhumor alimwachia njiani akienda uwanja wa ndege, akasema anapatikana kila jioni baada ya saa kumi na mbili. Mama aliiweka mezani, mbele ya maiki kabisa, nisiweze kuikosa. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu. Simu huharibu sana sauti. Nimeisogeza karatasi pembeni, ilikuwa inazuia waya.